Breki za Pikapu ya Baba Mkwe

Ndugu zangu katika Bwana, nawasalimu ninyi mlio ndani, na ninyi mliobaki nje chini ya turubai kwa sababu viti vimekwisha. Bwana ni mwema. Hata mimi nisipomsifu leo, mvua ya jana imeshamsifu juu ya mabati haya.

Kwa wageni mliotoka Kyela mjini, mimi naitwa Ambakisye. Ni mkulima wa mpunga na kakao hapa hapa Talatala. Mmeiona pikapu ya rangi ya krimu iliyoegeshwa karibu na mlango, ile ambayo watoto wa shule ya Jumapili wanajitazama kwenye bampa yake. Ile ni yangu. Niliitengeneza nyumbani kwa mikono hii, mwaka mmoja na miezi minne. Najivuna, wala sitaomba radhi, kwa sababu mtakaponisikiliza mtajua ninajivunia nini na ninamshukuru nani.

Wengine hapa mnanikumbuka nikiwa dereva wa basi. Miaka kumi na saba niliendesha kati ya Kyela na Mbeya. Njia ile mnaijua: unaondoka kwenye joto letu, unapanda, migomba inapungua, chai inaanza, ukungu unakuja kukaa kwenye kioo, halafu jioni unateremka tena. Nilizijua kona zake kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake. Kondakta wangu alikuwa shemeji yangu, Lusekelo, mdogo wa mke wangu Atupele na kitinda mimba wa nyumba yao. Kijana mcheshi, hajawahi kugombana na abiria. Nilimchukua mimi kwa baba yake, nikamwambia mzee, "Baba, huyu niachie, nitamlinda."

Siku moja tulikuwa tunateremka kutoka Tukuyu kuja Kyela. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikakanyaga breki kabla ya kona, pedali ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga matope. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nikajaribu kurudisha gia, ikakataa. Upande wa kushoto lilikuwa bonde, upande wa kulia ulikuwa ukingo wa mlima. Nikachagua ukingo. Basi lilisugua udongo, likapanda kidogo, likalala ubavu.

Abiria wengi waliumia, na kwa neema ya Mungu wote walipona. Mmoja ndiye aliyekufa, naye alikuwa Lusekelo.

Askari walikagua, wataalamu wa magari wakakagua. Bomba la breki lilikuwa limepasuka ghafla. Wakaandika kwamba dereva hana kosa. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Lakini ndugu zangu, moyo wangu haukujua kusoma. Nilipokuwa namwona baba mkwe wangu amesimama kando ya kaburi la mwanawe, nilisikia maneno yangu mwenyewe tu: huyu niachie, nitamlinda.

Basi nikaacha udereva. Hilo watu walilielewa. Ambalo hawakulielewa ni kwamba niliacha magari kabisa. Sikupanda basi, sikupanda bajaji, hata bodaboda sikupanda. Nikisikia gari kubwa linashusha pumzi za breki, nilikuwa nalowa jasho na kuiacha njia. Zaidi ya miaka sita nilikwenda kila mahali kwa miguu au kwa baiskeli. Sokoni Kyela, kwa baiskeli. Kasumulu mpakani, kwa baiskeli. Na kule ambako baiskeli haifiki, sikwenda. Binti yetu Neema alihitimu ualimu Mbeya, nikabaki nyumbani kuanika kakao. Shangazi yangu alizikwa milimani kule, sikwenda. Watu wakaanza kunitania: dereva anayeogopa magari. Nilicheka pamoja nao, kisha nikirudi nyumbani siongei na mtu.

Mliniombea. Sitasahau. Mchungaji aliniwekea mikono mara mbili mbele ya kanisa hili. Mara ya pili nilianguka chini nikalia, mkaimba, tukaamini yamekwisha. Jumatatu nikaenda stendi nikaweka mguu kwenye ngazi ya basi, na mguu ukakataa. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia Mungu. Nayasema haya kwa sababu yupo mtu humu ndani ambaye ameombewa naye akarudi nyumbani vilevile alivyokuja, na ameona aibu kusema. Ndugu yangu, mimi nilikuwa hivyo.

Halafu mke wangu akaugua. Tumbo lilivimba, madaktari hapa wakasema apelekwe Mbeya akapasuliwe, tena upesi. Gari la kukodi likaja mpaka uani. Tukambeba, tukamlaza kiti cha nyuma. Mlango ukabaki wazi kwa ajili yangu. Nikashika mlango ule. Ndugu zangu, niliushika mpaka dereva akageuka kunitazama. Atupele, pamoja na maumivu yote yale, akaniona. Akasema taratibu, "Baki tu, Baba Neema. Baba atanisindikiza."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata nafuu. Baba yake, mzee wa miaka karibu themanini, akapita mbele yangu na fimbo yake, akaingia, akafunga mlango. Gari likaondoka na mke wangu, nami nimesimama uani.

Siku ya tatu nilichukua baiskeli. Nilisema nitapanda milima ile hata kwa kusukuma, nitafika Mbeya hata kwa siku mbili. Nilisukuma tangu alfajiri. Nilipokaribia ile kona ya ajali, miguu ikakataa tena. Nikakaa pembeni ya barabara kama gunia. Nikageuza baiskeli, nikarudi. Kama kuna mtu aliyewahi kujidharau, siku ile nilimzidi.

Atupele alipona. Alirudi baada ya siku kumi na mbili, amekonda lakini anatabasamu. Kesho yake baba mkwe alinijia. Huyu ni Mzee Anyosisye, wengi mnamfahamu, yule pale mstari wa mbele. Nilijua amekuja kunisema, na nilikuwa tayari. Nikampa kiti, tukasalimiana kwa Kinyakyusa kama inavyopasa, nikainamisha kichwa.

Akasema, "Ile pikapu yangu, ichukue."

Niwaeleze hiyo pikapu. Mzee aliinunua zamani, wakati anabeba mpunga na ndizi kwenda sokoni. Ndani yake ndimo mimi nilimojifunza kuendesha, nikiwa kijana ninayemposa binti yake. Injini yake iling'ang'ana ikakataa kuzunguka, ikaegeshwa nyuma ya nyumba yake, ikakaa huko zaidi ya miaka kumi. Majani ya kutambaa yalipita dirisha moja yakatokea la pili. Matairi yalizama ardhini.

Nikamwambia, "Baba, mimi siendeshi."

"Nani kakwambia uendeshe? Nimesema ichukue. Kuku wananitagia ndani, mayai siyaoni."

"Niifanyie nini sasa?"

"Uitengeneze. Wewe una mikono, na mikono yako haina kazi isipokuwa kukushika kichwa."

Ndivyo alivyosema. Hakutaja basi, hakutaja mwanawe. Akanywa maji, akaondoka.

Kuileta nyumbani ilikuwa sherehe ya kijiji. Haikuwa na tairi hata moja linaloshika upepo, nasi tukaazima mengine. Tukafunga maksai wanne mbele. Mtu wa kushika usukani akahitajika, na kila mtu akanitazama mimi. Nikatazama chini. Mzee Anyosisye akafungua mlango, akapangusa mavi ya kuku kwa kofia yake, akaketi kwenye usukani, akasema, "Haya, piga ng'ombe." Tukavuka vijaruba vya mpunga hivyohivyo, mzee anaongoza gari lisilo na injini, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nilitembea kando. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kucheka nikiwa karibu na gari.

Nikaijengea kibanda cha mabati kando ya mikakao. Nikaanza.

Mwanzo sikuwa na nia yoyote. Ilikuwa kitu cha kufanya jioni baada ya shamba, kama mwingine anavyocheza bao. Lakini injini ilinishika. Nilifungua plagi zote nne, nikamimina kwenye kila tundu mafuta ya injini niliyochanganya na dizeli, ili yalainishe pistoni zilizoshikana na kutu. Kila asubuhi nilitia spana kwenye bolti kubwa ya mbele na kujaribu kuizungusha. Siku ya kwanza, hakuna. Ya tano, hakuna. Nilikuwa naomba huku nimeshika spana, sala fupi tu: Bwana, kidogo. Asubuhi ya kumi na moja ikasogea upana wa kidole. Nilisimama pale nikajiuliza kama ni spana iliyoteleza. Nikajaribu tena. Ikasogea tena. Nikaenda jikoni kwa Atupele, nikamshika mkono nikamleta aone.

Wengine Bwana huwafungua kwa dakika moja, na nawashangilia. Mimi alinifungua bolti moja baada ya nyingine.

Nilishusha injini nzima kwa mnyororo niliofunga kwenye magogo matatu. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaweka ringi mpya, gasketi mpya. Karbureta niliioshea kwenye sufuria kuukuu ambayo Atupele alinipa akasema isirudi jikoni. Rejeta niliiziba matundu. Sitasema uongo hapa madhabahuni: kuchomelea sikujua. Fundi wa kuchomelea alikuja na jenereta yake akanisaidia sakafu, maana sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, ungeweza kuendesha huku unakanyaga barabara. Lakini kukata mabati, kunyoosha bodi, kupiga msasa, kupaka puti, hayo yote ni mimi. Nilipofungua paneli ya ndani ya mlango nilikuta rangi yake ya kwanza haijaguswa na jua, krimu nzuri kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Nikaapa itarudi hiyohiyo.

Siku ya kuiwasha, sikukaa ndani. Nilisimama nje, nikaingiza mkono dirishani nikazungusha ufunguo. Ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweusi, kuku wakakimbia. Mara ya nne ikashika. Ikaunguruma, kwanza kwa kusuasua, kisha ikatulia. Magoti yangu yalitetemeka, ndiyo, lakini sikukimbia. Nilisimama pale mkono ukiwa dirishani nikaisikiliza mpaka nikagundua nimeacha kutetemeka.

Ndugu zangu, hapo nilidhani nimeshinda. Lakini nilipokuwa napiga msasa ndani ya mlango wa nyuma wa pikapu, chini ya rangi ya zamani nikakuta herufi zilizochorwa kwa msumari: LUSEKELO DEREVA. Aliandika alipokuwa mtoto, akipandishwa nyuma juu ya magunia. Niliweka msasa chini. Wiki tatu sikugusa gari. Nilifunika kibanda kwa turubai nikarudi kuwa yule mtu wa zamani asiyeongea.

Atupele akavumilia wiki tatu, kisha akalifunua turubai mwenyewe. Akakuta yale maandishi, akayapapasa kwa kidole. Nikasema, "Sijui nifanye nini. Niyaache?"

"Paka rangi," akasema.

"Ni mkono wake huo, Mama Neema."

"Najua ni mkono wake. Paka rangi. Ndugu yangu simtafuti kwenye bati, najua aliko." Kisha akasema neno ambalo alikuwa amelibeba miaka yote ile. "Nilizika mtu mmoja, Baba Neema, lakini nimeishi na wafu wawili. Nimechoka. Yule mmoja siwezi kumrudisha. Wewe unaweza kurudi."

Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi. Naye akalia. Kesho yake nikapaka rangi, na yeye ndiye aliyeshika kopo.

Zilibaki breki. Niliziacha za mwisho, nanyi mnajua kwa nini. Kila kitu kilikuwa tayari, gari linang'aa, na magurudumu manne sijayafungua. Nilikwenda Kyela kwenye duka la spea la Mzee Salum. Huyu ni mzee wa Kiislamu, babu yake alitoka pwani, na amekuwa akiuza vipuri pale tangu mimi ni kijana. Nikamwambia nataka masta silinda, silinda ndogo za magurudumu, mabomba yote, mafuta ya breki, kila kitu kipya. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Wewe si yule dereva?"

"Ndiye mimi."

"Na breki utafunga mwenyewe?"

Nikamwambia ukweli. "Mzee, naogopa. Pengine nitafute fundi."

Akatikisa kichwa. "Fundi wa breki asiyeogopa, mimi simpi gari langu. Wewe unaogopa, basi wewe ndiye wa kuzifunga." Masta silinda hakuwa nayo. Akaandika kikaratasi, akanituma Kasumulu kwa mfanyabiashara anayeleta vipuri kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Nikaenda na baiskeli yangu, nikarudi na masta silinda ndani ya shati, kama mtu aliyebeba kifaranga.

Nilizifunga. Nikazifungua. Nikazifunga tena. Kila kiungo cha bomba nilikipangusa kwa karatasi nyeupe na kurudi saa moja baadaye kuangalia kama karatasi mpya italowa. Kisha ikaja kazi ya kutoa upepo kwenye breki, na hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua nati ndogo kwenye gurudumu. Atupele akafunga kanga yake vizuri, akapanda akakaa kwenye usukani. Mimi nikalala chini ya gari.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo. Achia. Kanyaga tena."

Tulifanya hivyo gurudumu baada ya gurudumu, asubuhi nzima. Tulirudia mara tatu, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Jirani mmoja alipita akasikia namwamuru mke wangu kanyaga, achia, kanyaga, akauliza kulikoni. Atupele akamjibu, "Namfundisha mume wangu kazi." Mwishowe akasema, "Baba Neema, sasa ni ngumu kama jiwe. Haishuki." Nilikuwa bado nimelala chini, uso umejaa mafuta. Nikafumba macho nikasema, asante Yesu.

Alipotoka, aliacha mlango wazi. Akaenda zake jikoni. Nikautazama mlango ule. Nikaomba: Bwana, leo nipe mita tano tu. Nikaingia. Nikawasha. Nikatia gia, nikasogea mita tano, nikakanyaga breki, gari likasimama. Nikazima, nikatoka, nikakaa chini kwenye majani. Kesho yake niliomba kumi. Wiki tatu nilikuwa mtu wa uani, mbele na nyuma kati ya mikakao, breki, simama, breki, simama. Kisha nikatoka njia ya kijijini. Nikahuisha leseni, nikapeleka gari likakaguliwa. Askari wa usalama barabarani alizijaribu breki, gari likasimama pale pale mpaka kofia yake ikamtoka. Akaniuliza, "Fundi wako nani?" Nikasema, "Ni mimi, afande." Jamani, kusema maneno yale kulikuwa kutamu.

Nilimpeleka mke wangu kliniki. Nilimpeleka Neema na mizigo yake stendi. Lakini milima sikuigusa. Niliendesha huku chini kwenye tambarare, nikamshukuru Mungu, nikasema inatosha.

Asubuhi moja Mzee Anyosisye akaja amevaa koti lake la kanisani, na haikuwa Jumapili. Akafungua mlango wa pikapu, akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Twende," akasema.

"Twende wapi, Baba?"

"Pale. Sijawahi kupaona. Nilipita siku ile na binti yangu mgonjwa, sikuweza kuuliza ni wapi. Nipeleke wewe."

Nilimtazama Atupele. Akavua aproni yake, akaingia, akakaa katikati. Basi sikuwa na mahali pa kukimbilia. Niliinama kwenye usukani, nikaomba, mzee akaitikia amina, tukaondoka.

Tulipanda taratibu. Joto likapungua, hewa ikabadilika. Mikono yangu ilikuwa inalowa, nikawa naipangusa mmoja mmoja kwenye suruali. Nilipofika nikaegesha mahali palipokuwa na nafasi, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, tukashuka. Palikuwa pa kawaida kabisa. Majani, migomba, mama mmoja anauza viazi na ndizi kwenye ndoo. Nadhani mzee alitegemea kuona alama yoyote. Haikuwepo.

Akasimama muda mrefu. Kisha akauliza, "Alikuwa amekaa wapi?"

"Hakuwa amekaa, Baba. Alikuwa amesimama."

"Kwa nini asikae?"

Ndugu zangu, hili nililificha miaka yote. Niliogopa kwamba likitoka, litaonekana kama najitetea. Nikamwambia, "Nilipopiga kelele kwamba breki hakuna, yeye aliinuka. Alikuwa anapita kati ya viti anawaambia abiria wainame, washike viti. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, akamkalisha chini. Wote walishika. Yeye ndiye hakupata pa kushika."

Mzee aliegemea fimbo yake. Alitazama barabara ile inavyopinda. Halafu akasema, "Kumbe alikuwa kazini."

"Ndiyo, Baba. Alikuwa kazini."

"Nawe ulikuwa kazini."

Akanishika bega. Mkono ule ulikuwa mwepesi, mkono wa mzee, lakini kitu nilichokuwa nimekibeba miaka ile yote kilitoka pale barabarani. Sikuanguka, sikupiga kelele. Nilivuta pumzi ikafika mpaka chini tumboni, na nikajua nimefunguliwa. Atupele alinunua ndizi kwa yule mama. Tukala tumesimama, watu watatu, tukaangalia magari yanavyopita.

Ndipo ukaja mteremko. Kupanda si kitu. Mteremko ndio ulioniua. Nikatia gia ndogo, nikaanza kushuka. Kona ya kwanza nikagusa breki, ikashika. Ya pili ikashika. Nilihisi chini ya mguu wangu kazi ya mikono yangu, kila nati, kila bomba, na Atupele aliyekanyaga asubuhi nzima. Tulishuka kona zote, ukungu ukabaki nyuma, na mbali huko chini nikaliona ziwa linang'aa. Nikataka kumwonyesha Baba mkwe. Nikageuka.

Alikuwa amelala. Fimbo imeegemea dirishani, mdomo wazi, anakoroma. Mzee yule, niliyempotezea mwana kwenye mlima ule ule, alilala usingizi mzito kwenye mteremko ule, mimi nikiwa kwenye usukani.

Hapo ndipo ninapojivuna, ndugu zangu. Rangi mnayoiona ni nzuri, injini inaimba, na nimeshawakataa watu watatu wanaotaka niwauzie. Lakini nikiulizwa umefanya nini maishani mwako, Ambakisye, nitasema: nilifunga breki ambazo baba wa Lusekelo alilala juu yake.

Nimshukuru Bwana, ambaye alinisubiri. Nimshukuru mke wangu, na mzee wangu pale mbele. Baba, ndaga fijo, asante sana. Nimshukuru Mzee Salum, ambaye haabudu nasi lakini Mungu alimtumia.

Na wewe uliyekaa kimya humu ndani, mwenye jambo ambalo hulisogelei, hujamwambia mtu, nawe umeombewa ukarudi vilevile: usimwache Bwana kwa sababu hakukurusha juu ya mlima kwa siku moja. Mwombe kidogo. Mwombe cha leo tu, halafu kifanye. Na kama unahitaji mtu wa kukusindikiza mahali unapopaogopa, popote palipo, hata kule juu, ibada ikiisha nifuate pale nje. Tutakwenda taratibu, na gari litasimama kila utakaposema lisimame.